Koreshi Alipomfungulia Titus Mlango

Titus alikuwa karani wa makontena kwenye Bandari ya Jeddah, na mchungaji wetu bila cheti. Kila Ijumaa tulikusanyika chumbani kwake mtaani Ghulail, pazia limeshushwa, tukiimba kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, naye akahubiri jambo moja tu: uhamisho wa Babeli. Nebukadreza alivyouzingira Yerusalemu mpaka watu wakaishiwa mkate, alivyochoma hekalu, alivyowaswaga Wayahudi hadi nchi ya watu. Alisimulia kwa uchungu hivi kwamba ungedhani yeye pia aliswagwa, wala hakupanda ndege kwa hiari yake, amevaa suti, akipungiwa mikono na ukoo mzima.

Sisi, alisema, ni mateka, na mateka hanunui kitanda. Kwa miaka kumi na mbili alilala kwenye godoro sakafuni, sanduku la safari limefungwa tayari karibu na mlango. Mimi nilithubutu kununua zulia dogo, nikasemwa Ijumaa mbili mfululizo.

Nebukadreza wake alikuwa kafili, mwajiri ambaye bila ruhusa yake hutoki nchini. Mkewe Roselyne, kule kwetu Kenya, Nyahururu, aliuliza kila mwaka anarudi lini, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile: kafili amekataa. Tulimhurumia sana. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwomba huyo kafili, lakini mateso ya mtumishi wa Mungu hayachunguzwi.

Kisha ikaja miaka ya mageuzi. Wanawake wakashika usukani, sinema zikafunguliwa, na amri ikatoka Riyadh: wafanyakazi wa kampuni wangeweza kwenda kwao bila ruhusa ya kafili, kwa kubonyeza simu tu. Wambui, aliyekuwa akilea watoto wa madam mmoja, amri haikumhusu. Wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Hata hivyo ndiye aliyeshangilia kuliko sisi sote.

"Pastor, huyu si ndiye Koreshi?" aliuliza Ijumaa iliyofuata. "Alipoishinda Babeli si aliwaambia Wayahudi warudi kwao? Sasa wewe unaenda lini?"

Titus alifungua Biblia, akaifunga.

"Wambui, hizi vitu haziendi haraka hivyo. Kwanza kampuni inataka kunipeleka Riyadh, niwe supavaiza. Halafu ukisoma historia vizuri, Wayahudi wengi walibaki Babeli hata baada ya ruhusa. Walikuwa na biashara, walikuwa na nyumba. Na Mungu hakuwatupa."

Miaka yote hiyo, na hao waliobaki hakuwahi kututajia hata mmoja! Nilitamani kumuuliza kuhusu zulia langu.

Kwa moto wa mahubiri alikuwa amesahau kitu. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi Roselyne alisali nasi kwa simu, na simu ilikuwa pale pale juu ya sanduku, spika wazi.

"Baba Peris," ikasema simu.

"Mama Peris! Kumbe uko hewani?"

"Niko. Leo kafili hajakataa?"

"Ni mambo ya Riyadh tu, mpenzi. Kidogo tu, halafu..."

"Peris anaolewa Desemba. Nilimwambia sasa mlango umefunguliwa, babake atakuja."

Tulitazama sakafu, na mimi nilikuwa namwonea Titus haya kuliko alivyojionea mwenyewe.

"Desemba ni busy sana bandarini," alisema.

Roselyne hakupandisha sauti. "Basi nunua kitanda, Baba Peris. Umelala chini vya kutosha."

Akakata simu. Wambui, ambaye angeondoka jioni ile ile kama amri ingemtaja, alijifunika uso kwa mtandio akalia. Titus alituombea baraka kwa haraka akatuaga.

Wiki iliyofuata mimi na Gilbert, jirani yake, tulimsaidia Titus kupandisha kitanda ghorofani; Riyadh haikutajwa tena. Kilikuwa kikubwa, cha watu wawili. Alisema vya mtu mmoja vilikuwa vimeisha dukani.