Adabu Chini ya Winchi

Mzee aliyenitafutia kazi ya kuchimba mafuta alikuwa Mzanzibari mwenzangu, baharia aliyekimbia baada ya mapinduzi akaishia Ilford, pembeni mwa London, na mke na watoto watatu. Nilimwita ami, ingawa hatukuwa na udugu wowote. Wiki mbili tulikuwa juu ya jukwaa la chuma katikati ya Bahari ya Kaskazini, wiki mbili London, na kote huko mkubwa ni yeye.

Kule baharini tulisomewa sheria moja kila asubuhi: ukiona hatari, piga kelele, simamisha kazi, hata kama wewe ni mfagizi na anayekosea ni meneja. Safari yangu ya kwanza nilimwona ami anapita chini ya mzigo ulioning'inia kwenye winchi. Nikampigia ukelele kwa jina lake tupu, mbele ya Wazungu. Kazi ikasimama, na msimamizi akanipongeza.

Ami alingoja mpaka tuliporudi London. Jumapili akanialika chakula. Tulipomaliza wali, mbele ya mkewe na wageni, akaniuliza mama yangu alinilea au aliniokota. Akataka nimwombe radhi kwa magoti. Watoto wake, wanaosikia Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza, walicheka. Kazi alinipa yeye na angeweza kuniondoa, basi nikapiga magoti kwenye zulia, vidole bado vina mchuzi. Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

"Ukiwa na neno na mimi," aliniambia, "unakuja karibu, unaniamkia, kisha unasema."

Safari ya pili, asubuhi ya upepo, ami alikuwa ameligeuzia mgongo rundo la mabomba. Nikaona mnyororo ulioyafunga umelegea na bomba la juu linaanza kusogea. Wengine wote walikuwa wanatazama winchi. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Nikamwendea. Sikukimbia wala sikuinua sauti. Nilitembea kama mtu anayekwenda kumwamkia mkubwa wake, na kila hatua nilijua ninachofanya. Bomba likaporomoka kabla sijafika, likamsaga mguu chini ya goti. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi la mkuu nililisikia vizuri sana.

Ripoti ya ajali ilisema kwamba hakuna aliyeona. Nilitia saini yangu pamoja na wenzangu.

Baada ya miezi kadhaa nilikwenda Ilford kumjulia hali. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Mkewe alipokwenda jikoni kuchemsha chai, ami akanikazia macho.

"Weye uliona."

"Niliona, ami."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilikuwa nakuja kukuamkia."

Mzee yule alilia, kwa sauti. Sikusogea kumshika mkono. Nilikaa pale pale nikangoja chai yangu.