Aliwachekesha wote, akampoteza dada yake

Saa tatu asubuhi, waigizaji sita wameizunguka meza ndefu katika chumba kisicho na dirisha. Wanasoma kwa mara ya kwanza kipindi cha wiki ijayo. Mwandishi wao amejitenga pembeni, penseli mkononi. Wakicheka, anatia alama ndogo kwenye karatasi. Wakinyamaza, anaukata mstari.

Yeye hacheki. Ana miaka hamsini na miwili, kumi na mmoja kati ya hiyo akiandika kichekesho hiki cha runinga, na uso wake ni wa mtu aliyetoka kuzika.

Zamu ya Bi Kawa inafika. Huyu ndiye kipenzi cha watazamaji: mwanamke aliyeachwa na mumewe, lakini kila jioni bado anampakulia chakula na kukifunika kwa kawa. Mwigizaji anavuta pumzi, anasema, "Mfunikieni, atakuja."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Mwandishi anatia alama bila kuinua macho.

Maneno hayo si yake. Ni ya dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki na kumsomesha kwa cherehani moja. Shemeji alipofungasha virago na kwenda kuishi na mwanamke mwingine, dada alimwita mdogo wake jikoni, akamtolea yote ya moyoni. Sahani ya mume ilikuwa mezani, imefunikwa.

"Aliniambia, 'Haya yaishie hapa hapa,'" anakumbuka. "Nikamjibu, 'Dada, mimi nimwambie nani?'"

Wakati huo kipindi kilikuwa taabani. Mtayarishaji alikuwa amempa wiki mbili alete mhusika wa kuwarudisha watazamaji, la sivyo akatafute kazi kwingine. Akaenda kulikokuwa karibu. Alibadilisha umri wa dada, umbo, mtaa, hata kazi. Maneno yake hakuyagusa.

"Yalikuwa yanachekesha yalivyo. Ningeyagusa, yangekufa," anasema. Anayesema hivyo ni mtu anayeijua kazi yake barabara, na ndiyo maana inauma kumsikiliza.

Bi Kawa akakiokoa kipindi. Mshahara wa mwandishi ukapanda mara mbili. Majirani, ambao habari za ile sahani walikuwa nazo siku nyingi, hawakuhitaji kuelezwa. Dada akitoka dukani, anasikia nyuma yake, "Mfunikieni, atakuja."

Ni mwaka wa nne sasa hajamsemesha mdogo wake. Simu zake hapokei. Barua ya kuomba radhi aliirudisha bila kuifungua. Binti wa mwandishi, ambaye shangazi huyo ndiye aliyempa jina, aliolewa mwaka jana kiti cha shangazi kikiwa kitupu.

Alipopigiwa simu kwa ajili ya makala haya, dada alijibu kwa upole, "Mwandishi mmoja ananitosha, mwanangu." Kisha akakata.

Mwezi uliopita mwandishi alipiga moyo konde, akaingia kwa mtayarishaji kuomba Bi Kawa aondolewe. Ahame mji, aolewe tena, lolote lile.

"Mzee wangu, yule si wako," mtayarishaji alimwambia. "Kasome mkataba. Ukiondoka wewe, ataandikwa na mwingine."

Akausoma. Ni kweli tupu. Bi Kawa ataendelea kupakua na kufunika hata aliyemwandika akiwa kaburini.

Hata hivyo, barua ya kuacha kazi ameshaiandika, na Ijumaa ataipeleka. Mkewe amemuuliza itasaidia nini. Jumamosi anapanga kwenda kugonga mlango wa dada yake, amweleze yote mawili: kwamba ameacha kazi, na kwamba ameshindwa kumzuia Bi Kawa.

"Najua atanifukuza," anasema. "Na anitukane, nastahili. Miaka minne sijaisikia sauti yake. Hata tusi lake nitalipokea kwa mikono miwili."