Ngamia Wasiohesabiwa

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la kompyuta hapa Chechelesi nikingoja kopi zangu. Kando yangu, kijana na mwenzake msichana walikuwa wakiboresha injini yao, programu waliyojiundia ya kuendesha michezo yao yote ya kompyuta kuhusu ufugaji. Tangu toleo la kwanza, injini hiyo ilionyesha idadi ya mifugo pembeni mwa skrini. Msichana akaifuta idadi hiyo.

“Sasa mchezaji atajuaje ngamia amekufa?” kijana akauliza.

“Kwetu Sericho hatuhesabu mifugo. Mama anaangalia tu kundi, anajua nani hayuko.”

Akaelekeza kidole kwenye skrini. Kundi lilikuwa linaondoka. Ndama mmoja alibaki amesimama, akiangalia nyuma, akimtafuta mama yake.



Ukame ukija, sisi wa magazeti huanza na idadi, na huishia hapo.