Siku Niliyojisikiliza Mwenyewe

Diploma yangu ya mawasiliano niliilipia mwenyewe, kule Kigoma, kwa kubeba magunia bandarini asubuhi na kusoma jioni. Wengi wa kwetu Kalemie walivuka ziwa wakarudi na viatu vipya tu. Mimi nilirudi na ufundi.

Studio ya redio yetu iko karibu na bandari, na mtambo wa kurusha matangazo uko kilimani. Sauti ilikuwa ikipandishwa huko kwa simu, ikikatika kila mara. Nikafunga sahani mbili za antena zinazotazamana, moja juu ya bati la studio, nyingine kilimani, na sauti ikapanda safi. Nguzo ya sahani ya kilimani ilihitaji saruji. Lakini kipindi cha uzinduzi kilikuwa kimeshatangazwa, na mgeni wa kipindi nilikuwa mimi. Nikaifunga kwa waya kwenye mbao. Saruji ingefuata.

Mchana huo, kabla ya kipindi, aliingia Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Mume wake alikuwa amefariki asubuhi. Alileta komunike, tangazo la msiba, ili shemeji yake mkubwa, aliyekuwa kijiji cha Mpala, apande mtumbwi wa injini awahi maziko. Kule simu haikushika.

“Papa, watasikia kweli?”

“Mama, sasa hata ukikohoa hapa, Mpala watakuambia pole.”

Kwenye dirisha la studio kulikuwa na redio ndogo iliyoshika stesheni yetu, ili tusikie wanachosikia watu. Kipindi kilipoanza, sauti yangu ilirudi humo ikiwa imechelewa kidogo, ikanivuruga maneno. Nikaizima. Kwenye visikilizio nilibaki kujisikia vizuri sana, maana vile huleta sauti ya meza ya studio tu, havijui kinachofika kilimani. Mtangazaji akasoma komunike, kisha nikaendelea kueleza safari ya maisha yangu.

Tulipomaliza, mtangazaji akiwa ametoka, niliiwasha ile redio. Kimya. Upepo wa ziwa ulikuwa umegeuza sahani ya kilimani, na hakuna aliyekuja kutuambia, kwa kuwa mjini redio ikinyamaza watu hudhani ni umeme. Nikapanda kilimani, nikaikaza, muziki ukarudi. Nilipaswa kuomba komunike isomwe tena. Lakini mtangazaji angeuliza kwa nini. Nikajiambia sauti ilikatika mwishoni tu.

Shemeji alifika baada ya maziko, habari ameipata kwa msafiri. Nilikuwa matangani, nimekaa kwenye viti vya mbele, mahali ninapopewa siku hizi. Shangazi wa marehemu akamwinukia mjane.

“Ulimuficha ndugu yetu musiba! Ulitaka umuzike mume peke yako, ubaki na nyumba!”

“Nilipeleka komunike,” mjane akasema. “Muulize huyu Papa. Aliniambia hata nikikohoa, Mpala watasema pole.”

Wote wakanigeukia. Nikasimama, nikaanza kueleza unyevu wa ziwa na tabia ya mawimbi ya redio. Shemeji akainua mkono.

“Papa injinia, redio ilisema ao haikusema?”

“Haikusema.”

“Na weye ulijua?”

Mjane alikuwa akinitazama usoni.

“Nilijua.”

Shemeji akamwinamia mjane. “Mama, utusamehe.” Shangazi hakuinama. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

“Njo diplome yako hii? Basi kohoa, Papa, tusikie.”

Wajukuu wa marehemu, ambao matangani wana ruhusa ya utani, wakaanza kukohoa mmoja baada ya mwingine. Nikatoka katikati ya kikohozi hicho.

Leo nguzo imesimama kwenye saruji, na kiungo cha zile sahani hakijakatika. Sijui fundi mwingine hapa anayeweza kusema hivyo. Redio ya dirishani haizimwi. Mgeni akivurugwa na sauti yake, avumilie.

Siku ya kuondoa matanga, yule Mama alileta komunike nyingine, ya kuwashukuru waliomzika mume wake. Nikamwambia aende nyumbani apumzike, itasomwa.

“Asante, Papa,” akasema kwa heshima, akaweka beseni lake chini. Akasimama nje ya dirisha, sikio karibu na ile redio, mpaka akasikia jina la mume wake.