Fundi Majaliwa na Wimbo wa Nguo

Mjini Shinyanga, miaka ile pamba ilipopanda bei na kila aliyevuna akataka kuonekana, hapakuwa na fundi cherehani mwenye mkono mzuri kama Majaliwa, wala mwenye ahadi tamu kumzidi. Alikaa barazani pa duka la Jivan, cherehani mbele yake na gitaa limetundikwa msumarini juu ya kichwa chake. Ukimpelekea kitambaa alikupima, akakusifu umbo, akakuambia njoo keshokutwa. Keshokutwa ukienda ulikuta gitaa liko mapajani na kitambaa chako kiko palepale ulipokiacha.

"Imebaki kifungo tu," alikuwa akisema, hata kama nguo yenyewe haijaguswa na mkasi.

Wazee wake walifika huku na misafara ya zamani kutoka pwani. Yeye mwenyewe alizaliwa Shinyanga na bahari hajaiona hata kwenye picha, lakini alipenda Kiswahili cha mafumbo na aliamini kabisa kwamba yeye ni mwimbaji aliyelazimika kushona, si fundi anayeimba. Ushonaji, kwake, ulikuwa jambo la kupita. Ulikuwa umeshapita naye miaka kumi na kitu.

Sasa, miongoni mwa waliopewa keshokutwa alikuwapo mama mmoja wa Tinde, jina lake Mbuke. Mkulima, mwanamke wa miraba minne, mwimbishaji wa chama cha ngoma cha kwao. Mumewe Mabula akiwa ng'ambo ya pili ya shamba, Mbuke hakumtuma mtu kwenda kumwita. Alimwita mwenyewe, na majirani wa kijiji cha pili wakajua kwamba chakula cha Mabula kimeiva. Baada ya kuuza pamba, Mabula alimnunulia mkewe kitambaa cheupe chenye miavuli midogo myeusi, na Mbuke akakipeleka kwa Majaliwa kishonwe gauni la harusi ya mdogo wake, Apolonia.

Harusi ikafungwa misheni, watu wakala, wakacheza, wakatawanyika. Mbuke alihudhuria na gauni la mwaka juzi.

Kilichotokea ni hiki. Zilifika habari kwamba kuna Mgoa mmoja, mtu wa asili ya Goa, anazunguka na gari lenye mtambo wa kunasa sauti, anatafuta waimbaji wa kutia kwenye santuri, na atapita Shinyanga. Majaliwa aliposikia hivyo hakulala vizuri tena. Wimbo alikuwa nao, wa majibizano ya mwanamume na mwanamke, wenye maua, mbalamwezi na machozi ya kutosha. Wa kujibizana naye alikuwa nao pia: Chausiku, binti wa jirani, mwenye sauti nyembamba kama uzi wa hariri. Kilichokosekana ni shati. Mtu hawezi kuingia kwenye santuri na shati lililopauka kwapani. Akaitazama ile miavuli.

"Nitakata kipande cha kola tu," akajiambia. Kola bila kifua haina maana. Kifua bila mgongo ni aproni. Mikono nayo ikafuata wenzake. Shati lilipokwisha lilimkaa vizuri mno hata akashindwa kujilaumu.

Siku ya kunasa sauti ilikuwa Jumamosi mchana. Mgoa alichagua ghala la pamba, kwa kuwa marobota humeza mwangwi. Majaliwa akafika na gitaa, amevaa koti zito la sufu limefungwa vifungo mpaka kooni. Shati alitaka lionekane kwenye picha ya tangazo la santuri tu, maana mjini hujui utakutana na nani. Akamsubiri Chausiku. Badala ya Chausiku akaja kaka yake, Akida, na ujumbe mfupi.

"Dada yangu hataimba ndani ya sanduku. Mpelekee Mgoa salamu zetu."

Mgoa naye hakuwa na muda, alitakiwa Mwanza.

"Utaimba peke yako," akasema. "Sahani iliyobaki ni moja. Nikiinua mkono, anza. Usinyamaze mpaka niushushe. Ukinyamaza katikati, basi, imekufa."

Mkono ukapanda. Majaliwa akapiga gitaa, akafumba macho, akaimba kwa huzuni yote aliyokuwa nayo:

"Ewe ua la moyoni, waja lini nikuone?"

"Nimeshakuja, fundi!" sauti ikajibu kutoka mlangoni. "Nguo yangu iko wapi?"

Alikuwa Mbuke. Alikwenda barazani, akaambiwa fundi yuko ghalani, akamfuata. Majaliwa alifumbua macho, akamtazama Mgoa. Mkono wa Mgoa ulikuwa bado juu. Vidole vikaendelea na gitaa vyenyewe, na mdomo, kwa kuwa haukupata amri nyingine, ukaimba:

"Usifoke, ua langu, mambo mema hayataki haraka."

"Halaka?" Mbuke alikuwa Msukuma halisi, na herufi ya r haikupata kukaa kinywani mwake. "Bibi halusi ameolewa, amegombana na mumewe, wamepatana! Nguo yangu iko wapi?"

"Keshokutwa, roho yangu, imebaki kifungo tu."

"Kifungo cha nguo, fundi, ama kifungo cha jela?"

Wapakiaji wa pamba waliokuwa juu ya marobota wakaangua kicheko. Mbuke akawasikia, na mwimbishaji wa ngoma akisikia watu nyuma yake hawezi kuzungumza tena; huimba. Akalishika gitaa la Majaliwa kwa sauti kama mtu anavyomshika ng'ombe kwa pembe, akageuza yale maneno kuwa wimbo, na kila alipouliza "Nguo yangu?" wale wapakiaji wakamwitikia, "Iko wapi?" Majaliwa hakuwa na njia. Kila alipoulizwa aliahidi; akaahidi kwa sauti ya juu, akaahidi kwa sauti ya chini, akaahidi kwa jina la bibi yake. Jasho lilimtiririka ndani ya koti mpaka kwenye viatu.

Mkono ukashuka. Mgoa alikuwa anajifuta machozi.

"Mbona umevaa koti kwenye joto hili?" Mbuke akamuuliza Majaliwa, sasa kwa huruma. "Unaumwa?"

"Homa, mama."

"Pole. Nguo ni lini?"

"Keshokutwa."

Basi la Tinde lilikuwa linapiga honi, Mbuke akatoka mbio. Alipotokomea, Majaliwa alivua koti na kupigwa picha yake, ameegemea robota moja, miavuli kifuani.

Kwa muda wa mwezi na zaidi alimwomba Mungu sahani ile ivunjike njiani. Haikuvunjika. Santuri ilifika kwa Jivan ndani ya maboksi yaliyofunikwa nyasi, na kabla maboksi hayajaisha kufunguliwa yalikuwa matupu. Ikapigwa kwenye mahoteli ya Maganzo, wachimba almasi wakaacha chai ipoe. Ikafika Geita mgodini, Kahama, Nzega. Watoto wakairukia kamba. Vijana wakimwona mtu amechelewa kazini walimuuliza, "Kifungo cha nguo ama cha jela?" Majaliwa akipita sokoni hakuna aliyemsalimu tena kwa salamu za kawaida. "Fundi, nguo yangu iko wapi?" walisema, hata wasiowahi kumpa kitambaa. Siku moja alitoka msikitini akakuta mzee mmoja mheshimiwa anavaa viatu. Majaliwa akamwamkia shikamoo. Yule mzee akaitikia marahaba kwa adabu zote, akainama kufunga kamba, halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

Ajabu ni kwamba Majaliwa alijiona ameonewa na papo hapo amejaa fahari. Jina lake lilikuwa kwenye santuri! Lilikuwa chini ya "Mama wa Tinde", lakini lilikuwapo.

Maganzo wakamwita akawaimbie. Safari hii Akida alilegea, kwa kuwa na yeye alikuwa ameinunua santuri, na Chausiku akaruhusiwa kwenda, pamoja na shangazi wa kumlinda. Chausiku alisimama mbele ya wachimbaji akauliza kwa upole, kama anayeomba maji ya kunywa, "Nguo yangu iko wapi?" Mchimbaji mmoja wa nyuma akasema, "Dada huyu hata akiibiwa atashukuru," na wote wakaanza kudai mama wa santuri. Chausiku hakukasirika. Njiani kurudi alicheka, akamwambia Majaliwa, "Nenda kwa mwenyewe, kaka. Mimi hujaninyima kitu, nitakudai nini?"

Muda si mrefu Geita nao wakaita. Timu ya mgodi ilikuwa na fainali ya kandanda, na waliotuma mwaliko walisema wazi: wawili, au msije. Majaliwa akapanda basi la Tinde.

Alikuta picha yake imemtangulia. Jivan alikuwa ameibandika kwenye matangazo ya santuri, na moja lilikuwa dukani Tinde. Mbuke na Mabula walikuwa wamekaa nje ya nyumba yao, wanachambua pamba. Mabula alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe aliongea kwa niaba ya ukoo mzima.

"Mwangaluka, wazazi," Majaliwa akasalimu, akitumia Kisukuma chote alichokuwa nacho.

"Kalibu, fundi," Mbuke akajibu. "Homa imepona?"

"Imepona, mama."

Mabula aliinua macho kutoka kwenye pamba. "Miavuli ile," akasema. "Nililima msimu mzima wa mvua kuipata."

Majaliwa aliandaa njiani maelezo marefu yenye panya, moto na mteja mwizi. Yote yakamkimbia. Akapiga magoti kwenye maganda ya pamba, akasema, "Niliikata mimi. Nilitaka kupendeza."

Mbuke akacheka, na kuku wa jirani wakakimbia.

"Ulipendeza," akasema. "Hilo silikatai. Lakini Geita siendi na gauni la mwaka juzi. Kalete chelehani yako hapa, ushone nikikuona."

Ndivyo ilivyokuwa. Majaliwa alirudi na cherehani juu ya basi, akaketi uani kwa Mbuke, na Tinde nzima ikaja kutazama fundi wa santuri akimaliza nguo. Wanawake walileta vigoda vyao. Alipotaka kupumzika kidogo na gitaa, Mbuke alilichukua akalitundika ndani. Gauni lilikwisha siku hiyohiyo, jambo ambalo Majaliwa mwenyewe hakujua kwamba linawezekana. Tatizo ni kwamba kitambaa kilichosalia kilitosha kiwiliwili tu. Mikono hakuna.

"Na shati?" Mabula akauliza.

Majaliwa akalitoa mkobani. Mabula akalijaribu. Likamkaa kama aliyepimwa yeye, akaingia nalo ndani, na habari za shati zikaishia hapo.

Geita siku ya fainali mpira ulimalizika mapema, kwa sababu timu moja iligombana na refa, na watu wote wakahamia mbele ya jukwaa. Majaliwa akaanza. Mbuke akapanda na gauni lake la miavuli, akauliza lile swali lake, na uwanja ukaitikia kwa kishindo. Lakini katikati mtu mmoja, mchimbaji mrefu mwenye akili za kusumbua, akapaza sauti:

"Mama, nguo si ndiyo hiyo umeivaa!"

Kicheko kikakatika. Watu wakamtazama Mbuke, wakalitazama gauni. Ni kweli, alikuwa amelivaa. Vidole vya Majaliwa, vilivyozoea balaa, vikaendelea. Mbuke alijitazama juu mpaka chini. Kisha akainyanyua mikono yake miwili, mitupu mpaka mabegani, minene ya jembe, akaimba:

"Nguo nimeipata, ndugu zangu! Mikono yake iko wapi?"

Watu walianguka. Mkalimani wa mgodi alishikilia nguzo ya jukwaa asidondoke. Majaliwa akasubiri kelele zipungue, akaufikisha mdomo karibu na gitaa, akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, "Imebaki kifungo tu," na hapo wakaanza upya.

Mgoa alirudi mwaka uliofuata kuunasa wimbo wa mikono, nao ukauzwa kuliko ule wa kwanza. Waliimba pamoja mpaka Mbuke aliposema masika yanamhitaji zaidi kuliko Geita. Majaliwa alitoa santuri moja peke yake, ile ya maua na mbalamwezi. Jivan aliuza chache. Moja kwa Chausiku, ambaye alisema ni nzuri ya kuletea usingizi.

Safari moja alikuwa kwenye basi la Kharumwa, anakwenda msibani. Abiria wakaanza kubishana kuhusu wale waimbaji wawili. Mmoja aliapa kwamba ni mke na mume. Mwingine akasema waliachana, yeye mwenyewe alikuwapo barazani kwa kadhi. Wa tatu akasema fundi yule alifungwa kweli, yuko jela ya Butimba. Majaliwa alitazama dirishani. Hatimaye jirani yake akamgeukia.

"Na wewe, kaka, kazi yako nini?"

"Fundi," Majaliwa akasema, akajuta papo hapo. Basi zima likageuka. "Fundi baiskeli," akaongeza haraka.

"Mungu ni mkubwa!" yule jirani akapiga makofi. "Yangu iko hapo juu ya keria, mnyororo umekatika."

Kharumwa walimzunguka watu watano, kila mmoja na baiskeli yake mbovu, wakisubiri zamu, na Majaliwa, katika suti yake ya msibani, akachuchumaa mbele ya baiskeli asijue aanzie wapi, mafuta meusi yakimpanda viganjani.