Utumbo wa Mwadhini

Sauti ya Ishaka Boga ndiyo iliyoamsha mtaa wake kule Mtongwe. Mchana alipakia mizigo bandarini Kipevu, lakini kazi aliyojivunia ni ile isiyo na mshahara: kuadhini katika msikiti wao mdogo. Mwaka wa tisini na moja alipoanza kuona damu chooni, alisema ni bawasiri. Kwetu Pwani kila ugonjwa wa huko nyuma ni bawasiri. Akanywa mizizi, akaacha pilipili, akakonda mpaka kikoi kikawa hakikai kiunoni.

Mkewe Mastura alichoka kudanganywa, akamkokota hospitali. Huko wakamkuta Daktari Gershom, mtu wa bara, aliyekuwa akifanya utafiti wa saratani ya utumbo mpana. Hakuwaficha. Uvimbe ulikuwa karibu kabisa na njia ya haja. Ukikatwa sasa, matumaini ni makubwa. Ila haja kubwa itatokea tumboni, iingie katika mfuko, maisha yake yote.

"Basi niacheni nife," Ishaka akasema, akachukua kofia yake na kutoka.

Daktari alidhani mgonjwa anaogopa kisu. Akamfuata nje, akamweleza dawa ya usingizi, akamtajia watu waliopona. Maskini, alikuwa akimkuna pasipomwasha! Mastura ndiye aliyemvuta kando.

"Kisu hakiogopi huyu, daktari. Aogopa kukosa udhu. Mtu haja yamtoka wakati wowote, ataswali vipi? Ataadhini vipi? Ukimtoa msikitini, wallahi, umemuua kabla ya maradhi."

Gershom alikuwa mtoto wa kanisani, hakujua lolote kuhusu udhu. Lakini kiburi hakuwa nacho. Jumamosi ile akavuka feri, akaenda kumuuliza sheikh wa msikiti wenyewe.

"Dini haikuja kumnyonga mtu," sheikh akamwambia. "Huyo ana udhuru. Wakati wa swala ukiingia, ajisafishe, atawadhe, aswali, hata kama kitu chatoka. Na kuadhini aadhini. Mwambie ni mimi niliyesema."

Ishaka aliposikia alilia mbele ya mkewe na daktari, wala hakuona haya. Akakubali kupasuliwa. Daktari akaomba kipande cha ule uvimbe kwa ajili ya utafiti wake, na hapo Ishaka akatoa sharti: kwao, kilichokatwa mwilini huzikwa, hakitupwi. Wakapatana kwamba kitachunguzwa, na kitakachobaki kitarudi kwa mwenyewe.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki kadhaa baadaye Gershom alifika Mtongwe, kipande kilichobaki kimo katika chupa mkobani, uso umemchangamka.

"Mzee Ishaka, tumetazama utumbo na tezi zake zote, maana huko ndiko saratani hupitia ikienea. Saratani haikufika kwenye tezi. Vipande kama hiki ndivyo vinavyotufundisha nani apewe dawa kali baada ya kukatwa na nani hana haja nayo. Wewe huna haja nayo."

Mastura akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Ishaka alikifunga kile kipande katika kitambaa cheupe, akaenda makaburini na jembe, mfuko wake umetulia chini ya kanzu. Alikuwa akichimba polepole, maana nguvu zilikuwa bado hazijarudi, jirani mmoja akapita, akasimama kwa huzuni.

"Inna lillahi! Nani aliyefariki, bwana Ishaka?"

"Mimi," Ishaka akasema, "lakini kidogo tu." Akafukia, akajipangusa mchanga, akatazama jua. Adhuhuri ilikuwa inaingia, naye alikuwa bado hajatawadha.