Tofali Nililoligeuza Tusi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, na hata leo mwili unanisisimka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana wa mtaa wa Viwanja Sitini, mpishi wa masista Waitaliano waliokuwa wakijenga zahanati. Sista Rita alinifundisha Kiitaliano jikoni, tukikata maneno silabi kwa silabi kwa kupiga makofi: gat-to, paka. Ukimtaka paka mkubwa, unabadili mkia: gat-to-ne. Nilishangaa! Sisi ukubwa tunauweka mbele, mtu akawa jitu. Wao wanauweka nyuma. Basi nikaanza kujitengenezea maneno yangu mwenyewe, kichwa kimevimba, we acha tu.

Mjomba wangu Alois, mtu wa Mahenge, alikuwa fundi mwashi pale. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha binti yake. Alikuwa mpole, lakini heshima yake huichezei. Siku hiyo msimamizi, Mwitaliano, alikuwa juu ya ngazi. Akamnyooshea mkono, akapaza sauti: "Alois! Mattone!"

"Anasemaje huyu?" mjomba akaniuliza.

Sikusita. Matto nililijua, ndivyo Sista alivyomwita jogoo wake mkorofi: mwendawazimu. Nikakata chapuchapu, mat-to-ne, nikajibu mbele ya mafundi wote: "Anakuita chizi mkubwa, mjomba."

Mungu wangu! Mjomba aliweka mwiko chini, akanawa mikono, akapanda baiskeli yake akaondoka. Mafundi wengine watano nao wakaacha kazi, wakakaa pembeni. Msimamizi alibaki na mkono hewani. Sista Rita alikuja mbio, akanisikiliza, uso ukambadilika.

"Binti yangu," akasema, "mattone ni tofali. Aliomba tofali."

Kumbe si kila neno lenye mkia ule limetokana na jingine! Nikachukua baiskeli ya Sista hadi Kivukoni, pale mtoni njia ya Mahenge, nikamkuta mjomba kwenye foleni ya pantoni, anarudi kwao. Nilipiga magoti mbele za watu, nikamweleza yote huku nalia.

Alinitazama sana. "Hilo neno ulilisikia, au ulilitengeneza?"

"Nililitengeneza, mjomba."

"Basi nenda kawaambie wenzangu, kwa mdomo huohuo."

Nikarudi, nikawaambia mbele ya wote. Kesho yake mjomba alirudi kazini, akanisalimia kama kawaida. Lakini tangu siku ile hadi tunamzika, hakuniuliza tena kwamba fulani amesema nini. Akiwa na barua au mgeni wa Kiitaliano, alimtafuta mtu mwingine, nami nimekaa palepale. Hilo liliniuma kuliko kiboko.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiulizwa mtu amesemaje, sema ulichosikia. Usichokijua, sema sijui, kisha kaulize, hupungukiwi kitu. Usimtie mwenzako kinywani neno ulilolitengeneza wewe. Mungu aulinde ulimi wako, na watu waliokuuliza leo, kesho wakuulize tena.